Majuma nane ya Julai: chuo kikuu cha ufundi na kalenda yake

Kila mwaka Julai ikikaribia, meza ya ofisi ya karakana ninayofanyia kazi hapa Mbeya hujaa barua. Zote zinaomba kitu kimoja: nafasi ya mafunzo kwa vitendo, PT kama vijana wenyewe wanavyoiita. Nyingine zimetoka hapa hapa Iyunga, nyingine Dar es Salaam, nyingine Arusha. Sisi tuna uwezo wa kupokea vijana sita, tukijibana sana wanane. Barua huzidi hapo mara nyingi, na karibu zote hufika ndani ya wiki mbili. Kisha Oktoba inaingia, vijana wanarudi madarasani, na kuanzia hapo hadi katikati ya mwaka unaofuata hakuna anayebisha hodi.

Nina sababu ya kuanza na barua hizo. Mjadala wa vyuo vikuu vya ufundi nchini umekuwa mjadala wa jina: je, tulikosea kuvipandisha vyuo vya ufundi kuwa vyuo vikuu? Huku Nyanda za Juu Kusini mfano uko mlangoni. Chuo cha Ufundi Mbeya kilianza mwaka 1986, kikawa taasisi ya sayansi na teknolojia, MIST, mwaka 2005, na mwaka 2012 kikapanda tena kuwa chuo kikuu, MUST. Mzee aliyesoma pale enzi za cheti cha FTC, cheti cha fundi sanifu kilichotangulia stashahada ya leo, akikutana na kijana anayesoma pale leo, huwa hawakubaliani, na kila mmoja ana hoja ya kweli.

Hoja ya mzee ni hii. Chuo cha ufundi kilikuwa kinamtoa fundi sanifu, yule anayesimama kati ya mhandisi aliyechora na fundi mchundo anayeshika chuma. Ni mtu anayesoma mchoro na pia anajua mashine itakataa wapi. Uwiano unaotajwa siku zote na watu wa fani hii ni mhandisi mmoja kwa mafundi sanifu watano na mafundi mchundo 25. Sasa angalia stashahada imekuwa nini. Imekuwa ngazi. Kijana mwenye ufaulu mzuri haendi kazini, anaunganisha shahada, na sisi tunaotafuta mafundi sanifu tunabaki kuchagua miongoni mwa waliokosa mlango wa kuingilia. Hilo peke yake limeishusha heshima ya kazi ambayo mitambo ya nchi hii inaitegemea kila siku.

Mzee ana jambo la pili, na kwangu lina uzito zaidi. Chuo kinapokuwa chuo kikuu, mwalimu hupanda cheo kwa shahada za juu na makala za utafiti. Fundi aliyekaa na mashine ya kukereza miaka 30, anayesikia kwa sikio tu kwamba beringi imeanza kufa, hana mahali kwenye ngazi hiyo. Akistaafu hakuna anayerithi sikio lake, kwa sababu hakuna anayelipwa kulirithi.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Nimefanya kazi na mafundi sanifu wa FTC waliowafundisha kazi wahandisi wapya, mmoja baada ya mwingine, na kila mhandisi baada ya mwaka mmoja akawa bosi wao. Waligota kwenye dari ya muundo wa utumishi, wakastaafu wakiwa pale pale. Kwa mtu wa namna hiyo shahada ilikuwa haki iliyocheleweshwa, na anayemwambia mtoto wa mtu huyo aridhike na stashahada kwa faida ya taifa anapaswa kwanza kueleza kwa nini wa kwake amempeleka shahada. Tena ni jambo kubwa kwa mtoto wa Kyela au Sumbawanga kusomea uhandisi ngazi ya shahada bila kulazimika kwenda Dar es Salaam.

Fedha nazo zilifuata shahada. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na kwa miaka mingi mwanafunzi wa stashahada ya ufundi hakuwa na chake pale. Ni katika mwaka wa masomo 2023/24 tu ndipo mikopo ilipoanza kuwafikia wa stashahada hizo, nako ni kwa fani zilizochaguliwa. Mradi mkubwa wa HEET, dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021, ulilenga elimu ya juu. Kwa hiyo uongozi wa chuo uliotaka majengo na maabara mpya ulikuwa na kila sababu ya kutafuta hadhi hiyo. (Chuo cha Ufundi Arusha nacho kilipata fedha za Benki ya Dunia, za kituo cha Kikuletwa wilayani Hai, ambako vijana wanajifunzia umeme wa maji. Chuo kinaweza kupata fedha bila kubadili jina. Lakini njia hiyo imekuwa nyembamba zaidi.)

Hata hivyo jina halielezi mengi. Tazama DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Ilianza mwaka 1957, ikawa taasisi kwa sheria ya mwaka 1997, na hadi leo haijajiita chuo kikuu. Iko chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, sio TCU, tume ya vyuo vikuu. Lakini inatoa shahada, na mhitimu wake na yule wa MUST wakifika karakanani kwetu, siwezi kuwatofautisha kwa namna wanavyoshika tupa. Kama jina ndilo lingekuwa ugonjwa, hawa wawili wasingefanana hivyo.

Wanafanana kwa sababu mwaka wao unafanana. Masomo huanza Oktoba au Novemba, muhula wa kwanza hadi mwanzoni mwa mwaka, mitihani, muhula wa pili hadi Juni au Julai, mitihani tena. Kinachobaki ndicho kinachopewa viwanda: majuma nane hivi. Hata mkopo umekatwa kwa kipimo hicho, maana posho ya mafunzo kwa vitendo hulipwa kwa siku zisizozidi 56. Huo ni mwaka wa chuo kikuu cha kawaida, ambacho mwanafunzi wake anahitaji maktaba na mwalimu. Tuliuchukua jinsi ulivyo, tukamvisha kijana wa ufundi.

Mwaka jana tulimpokea kijana wa mwaka wa tatu. Sitaji chuo chake, maana angeweza kutoka chochote. Nilimpa kazi ya kutengeneza kii ya shafti (mhimili unaozunguka), kile kipande cha chuma kinachokaa kwenye mfereji kuzuia gurudumu lisizunguke peke yake. Alinikokotolea papo hapo nguvu itakayokikata kipande kile, na hesabu ilikuwa sahihi, nilifurahi. Kisha akakifunga kwenye jiliwa, kile kifaa cha kubania chuma, akaanza kupiga tupa. Baada ya nusu saa nikaweka guniya, kipimo cha unyoofu na pembe, juu yake na kukiinua dirishani. Mwanga ulipita pande zote mbili, katikati kumebaki mgongo. Tupa ilikuwa inayumba kama bembea. Siku ya nne, mwanga ukafunga. Akaniambia, "Fundi, kumbe shida ilikuwa miguu." Ni kweli, tupa hunyooshwa na namna unavyosimama. Alishawahi kufundishwa hilo mwaka wa kwanza, akiwa mmoja wa darasa kubwa lenye majiliwa machache, akapiga tupa kwa zamu ya dakika chache, akapata alama yake.

Kijana yule si mjinga. Kalenda ndiyo haikumpa siku nne.

Serikali yenyewe imeliona pengo hili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mwaka 2003 mpango wa SEAP, ambao humweka mhitimu wa uhandisi kazini chini ya msimamizi kwa miaka mitatu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili. Ni mpango mzuri na ninautetea. Lakini mpango huo ni wa mhandisi, si wa fundi sanifu, na yeye ndiye kazi yake yote iko mikononi.

Rai yangu ni kwamba vyuo vya ufundi, viitwe vikuu au taasisi, vivunje mwaka huu na kuupanga upya. Muhula mmoja mzima uwe wa kiwandani, na vyuo vipokezane: hiki kitoe vijana wake Julai, kile Novemba, kingine Machi. Karakana yenye nafasi sita ingewafundisha vijana kumi na wanane kwa mwaka badala ya sita, na kila mmoja angekaa mara mbili ya muda wa sasa. Hatuhitaji jengo hata moja jipya kwa hilo.

Najua pingamizi zake, na mojawapo ni zito. Udahili, mikopo na mitihani vyote vimefungwa kwenye mwaka mmoja wa kitaifa, na kijana anayechelewa muhula anachelewa fedha. Muhula ukihamia kiwandani, masomo mengine yatapunguzwa, na wahadhiri watauliza, kwa haki, ni hesabu ipi itupwe. Sitaki kijana aliyenikokotolea ile kii apoteze hesabu yake. Pia waajiri si malaika: wengine wakipewa kijana kwa miezi minne watamgeuza kibarua wa bure, na mwalimu anayekuja kumkagua siku moja hataliona hilo. Usimamizi utagharimu, na gharama hiyo sharti iwekwe wazi kwenye bajeti ya chuo, isisukumwe kwa mzazi.

Ila pingamizi hizo zote ni za upangaji, na upangaji tunauweza. Kumrudisha fundi sanifu kwa kufuta shahada hatuwezi, wala hatuna haki ya kumwekea mtoto wa mtu dari aliyogota baba yake.

Kijana wa kii alikuwa nasi pia tulipofungua pampu kubwa ya mteja, juma la sita. Alichora kila kitu kwenye logibuku yake: mpangilio wa beringi, upande wa sili, vipimo vya shafti kwa maikromita. Beringi mpya tuliziagiza Dar es Salaam. Ijumaa ya juma la nane akaaga, akaacha ovaroli aliyoazima imefuliwa na kukunjwa. Beringi zilifika siku kumi na mbili baadaye. Ukurasa aliouandika juu yake "kufunga" ulikuwa mtupu alipoondoka nao.