Mashua Haina Chumba cha Kununia

Jirani yangu hapa Rau ameshaniuliza mara tatu: "Hivi wale wazungu wenu wa mashua, kazi yao hasa ni nini?" Kila nikimjibu naona hajaridhika. Anataka niseme wanastarehe, basi, tuhamie kwenye bei ya mahindi. Hata mimi nilidhani wanastarehe, mpaka nilipolala siku nane ndani ya hiyo mashua kati ya Tanga na Pangani, nikarudi Moshi na viganja vilivyochubuka na maswali kadhaa kuhusu ndoa yangu mwenyewe.

Mume wangu anaongoza wageni mlimani. Januari aliwapandisha mke na mume, Waholanzi, wote wameshavuka miaka 60, kwa njia ya Machame. Mashua yao waliiacha Tanga wakaja huku kwa basi. Waliposhuka nikawapikia machalari, tukazoeana, na siku ya kuaga yule mama akasema safari hii zamu yenu, njooni muone tunavyoishi. Wageni wengi husema maneno kama hayo. Hawa walimaanisha. Februari tukapanda basi asubuhi, Himo, Same, Korogwe, Segera, na mchana tukateremka Tanga kwenye joto lenye chumvi, mimi na mkungu wangu wa mchare begani kama naenda kumsalimia mama mkwe.

Mashua yenyewe ina urefu wa mita 11. Ukisikia mita 11 unaona kitu kikubwa, lakini ukishatoa omo kule mbele, tezi kule nyuma na sehemu ya kushikia usukani, pa kuishi panabaki kama Noah mbili zilizounganishwa. Mle ndani mna kitanda, meza, choo cha kupampu kwa mkono na jiko lililoning'inizwa kwenye bawaba ili mashua ikilala upande sufuria ibaki wima. Mayai hayakai kwenye friji. Wanayapaka vaselini moja moja na kuyageuza kila baada ya siku kadhaa, yanakaa wiki nyingi bila kuoza. Mchele unapikwa kwa maji matamu yaliyochanganywa na kiasi cha maji ya bahari, hivyo chumvi hainunuliwi. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya bahari na kusuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji matamu. Kikombe kimoja! Mimi kwa mazoea yangu nilifungua bomba likatiririka huku nikipiga stori, yule mama akanyoosha mkono akalifunga bila kusema neno.

Tangi lao ni la lita 300, na wawili wale hutumia kama lita 10 kwa siku. Pamoja na sisi hesabu ikabadilika, na kila jioni bwana alipima tangi na kuandika kwenye daftari. Nilidhani ni ubahili wa kizungu, kisha nikamkumbuka bibi yangu Old Moshi. Kwetu maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, yalikuwa na zamu. Siku yako ikifika unaamka usiku, unakwenda kufungulia yaingie kihambani, yaani shambani kwako, na zamu ikiisha unamwachia wa chini yako. Aliyezidisha aliitwa mbele ya wazee. Ni sisi wa mjini, wenye bomba uani na simtanki juu ya nyumba, tuliosahau kwamba maji huhesabiwa. (Bomba lenyewe wiki iliyopita limekauka siku tatu, kwa hiyo tusitambe sana.)

Umeme nao ni hivyo hivyo. Una paneli za sola na betri, na kukiwa na mawingu hakuna kuchaji simu ovyo, kwa sababu taa ya mlingotini na redio ya VHF zinakuja kwanza. Redio inakaa wazi chaneli ya 16, ndiyo ya kuombea msaada duniani kote.

Tulisafiri na kaskazi. Upepo huu huvuma kuanzia kama Desemba mpaka Machi, halafu kusi inashika zamu. Kushuka Pangani ulikuwa mgongoni mwetu, mashua inateleza kwa fundo tano, yaani kama kilomita tisa kwa saa. Bodaboda angetuacha. Niliuliza kwa nini wameamua kukaa Tanga msimu huu, nikaambiwa ni kwa sababu ya vimbunga: kati ya Novemba na Aprili huzaliwa kusini zaidi, upande wa Madagaska na Msumbiji, na huku karibu na ikweta ni mara chache vinafika. Mara chache si kamwe. Unguja ilipigwa mwaka 1872 minazi na mikarafuu ikalala chini, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Kwa hiyo taarifa ya hali ya hewa inasomwa asubuhi na jioni, hata siku ambayo anga iko safi kama sahani.

Mume wangu, ambaye kazi yake ni kuwaambia watu "pole pole" mpaka kwenye mita 5,895, alitapika tangu tunatoka ghubani. Alikaa tezi ameinama kwenye ndoo, na yule mama, aliyetembezwa naye usiku wa kilele kwa maneno hayo hayo, akamletea kikombe cha tangawizi na kumwambia, "Pole pole, kaka." Nilicheka mpaka na mimi nikashikwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kule kwenye mashua hakuna kazi ya mke na kazi ya mume. Nilijua watasema hivyo, wazungu wengi husema hivyo, lakini nilitaka kuona. Siku ya pili, tumefika sehemu ya kutia nanga, mama akashika usukani na bwana akaenda omo kwenye mnyororo. Hawakusema neno. Yeye kule mbele ananyoosha mkono kushoto, mashua inakwenda kushoto. Ngumi, mashua inasimama. Kiganja chini, nanga inaanguka. Mnyororo ukahesabiwa: kina cha maji yakiwa yamejaa, mara tano. Yakiwa yamejaa, kwa sababu pwani ile siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanaweza kushuka zaidi ya mita tatu, na ukipima vibaya unaamka asubuhi umepwelewa, mkuku, ule uti wa chini wa mashua, umelala kwenye mwamba kama ng'ombe mgonjwa. Nikauliza kwa nini hawasemezani. Mama akajibu kwamba miaka ya mwanzo walikuwa wanapigiana kelele, upepo unachukua nusu ya maneno, kila mmoja anasikia tusi. Wakakaa mezani wakakubaliana ishara saba.

Siku ya nne ndiyo siwezi kuisahau. Tuko nje ya Pangani, mama akachukua mto wa kukalia, akautupa baharini na kupiga kelele "Mtu majini!" Kumbe hilo ni zoezi wanalolifanya kila mwezi. Bwana alikuwa chini anakanda unga, na sheria ni kwamba yule "aliyeanguka" hasaidii kitu. Mama akakunja mikono akakaa kimya. Bwana akatoka na unga viganjani, akatupa boya, akabonyeza kitufe cha GPS, akaniambia nyoosha kidole kwenye ule mto na usiondoe macho kwa chochote. Nikanyoosha. Bahari haikuwa na mawimbi makubwa, lakini haikupita dakika moja mto ukawa unapotea na kuibuka, unapotea na kuibuka, na mara moja nilipopepesa macho sikuuona kabisa. Mkono wangu ulitetemeka kwa ajili ya mto! Alizunguka mara mbili ndipo akaufikia na kuuopoa kwa mti wenye ndoano. Halafu wakabadilishana, bwana akawa ndiye mto, mama akageuza mashua peke yake. Yeye alizunguka mara moja tu, na alihakikisha sote tumeona.

Usiku ule nilimuuliza mume wangu, tumelala pale kwenye benchi la meza: mimi nikianguka, wewe utanirudia?

Akasema nyumbani hakuna bahari. Nikamwambia wewe jibu.

Miaka mitatu iliyopita nililazwa siku tisa kwa upasuaji. Watoto walikwenda shule na sare chafu kwa sababu baba yao hakujua sabuni ya unga inakaa wapi, na mwenye duka alinipigia simu wodini kudai deni ambalo mume wangu hakujua lipo. Kwa upande wangu, akiwa mlimani siku saba bila mtandao, sijui hati ya kiwanja iko kwenye sanduku lipi, wala nani tunamdai. Kila mmoja ana chumba chake kwenye ndoa na ufunguo wake mfukoni. Nikiri na langu: nilikuwa napenda hivyo. Kuwa wewe tu unayejua stoo ina nini ni cheo, na cheo hakiachiwi kirahisi.

Kuna watakaonijibu kwa methali: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli. Ila wale hawakuwa manahodha wawili kwa wakati mmoja. Wakisafiri usiku hupeana saa tatu tatu. Mmoja juu, mmoja amelala, na aliye juu ndiye mwenye neno. Ni lazima mtu awe macho, kwani bahari ya Tanga ina ngalawa zisizo na taa na nyavu zisizo na alama. Kwa hiyo hao "wanaostarehe" hawalali kitanda kimoja safari nzima. Mwambie hayo jirani yangu.

Wanagombana pia, msidhani ni malaika. Siku ya tano walikwaruzana kuhusu chujio la mafuta ya injini, kwa Kiholanzi, lugha ambayo hata salamu yake inasikika kama ugomvi. Huku kwetu mwanaume angechukua koti akaenda kwenye mbege, na mimi ningefunga mlango wa chumbani siku mbili, au ningekwenda kwa mama na kurudishwa na mashangazi. Pale utakwenda wapi? Hatua kumi umefika omo, na kwenye omo kuna mwenzako anayekunja kamba. Ndani ya saa moja walikuwa wameshamalizana, kwa sababu maji yalikuwa yanakupwa na nanga ilikuwa lazima ing'olewe na watu wawili.

Kurudi Tanga tulikabili upepo. Mashua haiwezi kwenda moja kwa moja kwenye upepo, inakwenda mshazari, huku kidogo, inageuka, kule kidogo, siku nzima. Mvuvi mmoja wa Pangani aliyepanda nasi aliniambia neno lake: kubisha. Nikadhani ananitania. Hapana, wao husema chombo kinabisha, na kwa kubisha ndipo kinafika. Nimelibeba neno hilo mpaka Moshi. Chombo kikinuna hakiendi popote.

Yule mvuvi ananirudisha kwenye kitu kinachonikera kidogo, nacho nikiseme. Wale wenyeji wetu wana pensheni, nyumba kwao wameipangisha, na pasipoti inayofungua karibu kila bandari. Mvuvi ana ngalawa, tanga la viraka, upepo ule ule na mwezi ule ule, na hakuna anayemuuliza kuhusu "maisha ya baharini". Alikuwa anausoma mkondo kwa rangi ya maji wakati bwana wetu anatazama skrini, na wote wawili walikubaliana tupite wapi. Nikimtazama mkewe ufukweni, anayekaanga samaki, anayeuza, anayejua hesabu ya chombo hadi senti, naona hata hilo la kujua kazi za mwenzako halikuja na mashua ya kizungu.

Pale Pangani niliona maji ya mto, mekundu ya udongo, yanaingia kwenye bluu na kukataa kuchanganyika kwa mwendo mrefu. Ni maji yetu yale. Yanatoka Meru na Kilimanjaro, yanakutana Nyumba ya Mungu, yanashuka mpaka pale. Nikasema huenda humo mna suuzo la nguo zangu za mwezi uliopita. Mama akacheka, akasema basi ungetumia kikombe kimoja.

Tumerudi. Sijahubiri mtu. Tumenunua daftari la kaunta, linaning'inia jikoni kwa kamba: madeni, hati ilipo, namba ya fundi bomba, siku ya kubadilisha mtungi. Mwezi ule wa mwanzo liliandikwa na mimi tu, na nilinuna, naam, chumba ninacho.

Jumanne iliyopita nilishikwa na malaria nikalala tangu mchana. Umeme ulikatika. Nikasikia sufuria, kisu, kitu kimeanguka, kimya, halafu harufu ya vitunguu. Kwenye mashua walitufundisha kufunga gesi kwenye mtungi kila ukimaliza kupika, kwa sababu gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama kwenye ngama, chini kabisa ya mashua, na kungoja cheche. Mume wangu aliniletea uji wenye mabuje, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nikanywa vijiko viwili.

"Gesi umefunga?" nikamuuliza.

Akainuka kwenda kuangalia.