Kuridhia Mkataba wa Roma si mwisho wa kazi

Kila ikitajwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) hapa Unguja, jawabu ni lile lile: Tanzania imesharidhia zamani, mnataka nini tena? Linaniudhi kwa sababu nusu yake ni kweli. Mkataba wa Roma, ulioiunda mahakama hiyo, tuliuridhia tarehe 20 Agosti 2002, na kwetu ukaanza kutumika Novemba 1. Lakini kwa mfumo wetu mkataba hauwi sheria mpaka utungiwe sheria. Kenya ilitunga yake 2008, Uganda 2010. Sisi bado.

Tuseme mtu anayetafutwa na ICC ameshuka uwanja wa ndege wa Karume. Mahakama ile haina askari hata mmoja. Hati yake ya kukamata inapitia Wizara ya Mambo ya Nje. Mambo ya nje ni ya Muungano, polisi pia, kwa hivyo kukamatwa kunawezekana. Tabu inaanza anapofikishwa kortini, maana mahakama za Zanzibar si za Muungano. Ibara ya 59 ya Mkataba inamtaka hakimu aangalie matatu: hati inamhusu huyu, kakamatwa kwa utaratibu, haki zake zimeheshimiwa. Wakili atasimama na suali moja: kwa sheria ipi? Utaratibu wa kurejesha watuhumiwa umewekwa kwa nchi na nchi, na ICC si nchi. Hakimu akimwachia, hatakuwa amekosea.

Ndiyo maana sheria ya Bunge la Muungano peke yake haitoshi. Baraza la Wawakilishi la Zanzibar nalo litunge yake: hakimu wa ngazi gani anasikiliza, mtuhumiwa anawekwa wapi, rufaa ni siku ngapi, mashahidi wanalindwa vipi. Na kinga itajwe waziwazi. Ibara ya 27 ya Mkataba haitambui kinga ya kiongozi yeyote, ilhali Katiba zetu zote mbili zinamkinga Rais aliyemo madarakani. Jambo zito kama hilo lisingoje kuamuliwa usiku, ndege iko uwanjani.

Agosti 2010 Omar al-Bashir, Rais wa Sudan wakati huo aliyekuwa akitafutwa na ICC, alikwenda Nairobi akarudi kwao salama. Serikali ya Kenya haikumgusa. Lakini kwa kuwa sheria ipo, wanasheria walikwenda Mahakama Kuu, na Novemba 2011 ikaamuru akamatwe akitia mguu tena.

Wanaosema ICC imewaandama Waafrika, hoja wanayo. Siipendi, lakini siwezi kuikana. Ila Uganda, Kongo na Afrika ya Kati zilipeleka mashauri yao wenyewe, na Machi 2025 Duterte, aliyekuwa Rais wa Ufilipino, alipelekwa The Hague iliko mahakama hiyo ingawa nchi yake ilishajitoa.

Wapemba waliokimbilia Shimoni, Kenya, baada ya mauaji ya Januari 2001 hawana mlango ICC: mahakama haigusi lililotendeka kabla ya Julai 2002. Kwa hao tumeshachelewa. Kwa watakaokuja baada yao, Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar ana sheria ya Kenya na ya Uganda za kuanzia, na mswada unaweza kufika Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, bila kulingoja Bunge la Dodoma.