Umisheni wa Siku Kumi na Mtoto Anayebaki Makaoni

Tangu Kenya isimamishe usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na hasa baada ya kutangaza mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwarejesha watoto katika familia, lawama moja imesikika sana makanisani: kwamba serikali inawafungia mlango watu wema wanaovuka bahari kwa safari fupi za umisheni kuja kuwahudumia yatima. Lawama hiyo si ya kubezwa. UKIMWI ulipowaacha watoto wengi bila wazazi katika miaka ya 1990, makanisa, mengi yakisaidiwa na marafiki wa ng'ambo, yaliwapokea watoto ambao jamaa zao walikuwa wameelemewa, na wapo waliosomeshwa kwa karo ya mgeni aliyekaa nchini siku kumi tu. Anayedai kwamba safari hizi hazijamfaa mtoto yeyote hasemi kweli.

Hata hivyo, wanaotaka safari hizi zidhibitiwe wameeleweka vibaya, kana kwamba wanaupiga vita ukarimu au imani yenyewe. Wanachokataa ni makao ya watoto kugeuzwa kuwa mahali pa kutembelewa. Watoto wengi walio makaoni wana mzazi mmoja aliye hai, au bibi, au shangazi, na mara nyingi kilichowatoa nyumbani ni umaskini: karo, chakula, dawa. Mgeni anapokuja na masanduku ya nguo na ahadi ya ufadhili, fedha hulifuata jengo aliloliona, kwa kuwa bibi anayelea wajukuu wanne kijijini hana bango barabarani wala ukumbi wa kupokelea kikundi. Mzazi fukara anayeyaona hayo hupiga hesabu zake, na sidhani kwamba kuna wa kumlaumu.

Lisilozungumzwa vya kutosha ni lile ambalo wageni wenyewe hulisimulia kwa furaha kubwa zaidi. Basi likisimama uani, watoto wa miaka mitatu au minne hulikimbilia, hupanda mapajani mwa watu ambao hawajawahi kuwaona, na siku ya kuagana hulia. Mgeni huuona huo kuwa upendo, na picha yake ndiyo itakayochangisha nauli za mwaka ujao. Wachunguzi wa makuzi ya watoto huona jambo jingine. Katika utafiti ulioanza mjini Bucharest, Romania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto 136 waliokuwa wakilelewa vituoni waligawanywa kwa kura, nusu yao wakapelekwa kwa familia za malezi, na miongoni mwa mambo yaliyofuatiliwa kwa miaka mingi ni tabia hiyohiyo ya kumwendea mtu asiyejulikana bila kusita. Ilijitokeza zaidi kwa watoto wa vituoni kuliko kwa wanaokua na wazazi wao, na haikuwatoka kwa urahisi hata baadhi ya waliohamishiwa katika familia. Mtoto mwenye mlezi wake hujificha kwanza nyuma ya kanga ya mama, akamchungulia mgeni, ndipo akajongea taratibu. Kusita huko ni kinga. Asiye nayo hupata mama mpya Julai na kumpoteza kabla ya mwezi kwisha, kisha Desemba likaja kundi jingine.

Tena, si kila anayeshuka kwenye basi ni mwema. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 40 kijana wa Oklahoma aliyewadhulumu watoto kingono alipokuwa akijitolea katika makao jijini Nairobi. Kuwapima wageni wote kwa kipimo chake ni kuwaonea, lakini utaratibu unaomkabidhi mpita njia watoto wasiojua kuogopa wageni haumtambui mbaya mpaka awe ameshadhuru.

Hoja nzito zaidi ya watetezi wa safari hizi inahusu fedha: bila safari, wanasema, fedha zenyewe zisingetolewa, kwa maana mtu hatoi kwa ajili ya asichokiona. Kurt Ver Beek, mwanasosholojia aliyeishi miaka mingi Honduras, alizichunguza nyumba zilizojengwa huko baada ya Kimbunga Mitch cha 1998. Kikundi cha Amerika Kaskazini kilitumia kwa wastani dola 30,000, nauli ikiwemo, kusimamisha nyumba ambayo shirika la wenyeji liliijenga kwa dola 2,000. Wasafiri waliporudi, wengi walisema utoaji wao umeongezeka, lakini kumbukumbu za shirika lililowapeleka zilionyesha kwamba wengi wao hawakuwa wametuma mchango wowote wa moja kwa moja. Hapa Kenya, mpango wa serikali wa kuzisaidia kaya zinazolea yatima umekuwa ukitoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Tukikadiria nauli ya mtu mmoja kuwa dola 1,200 na dola kuwa shilingi 130, tiketi hiyo moja ni msaada wa kaya moja kwa miaka sita na nusu. Tiketi za kundi la watu kumi na wawili ni miaka 78.

Wapo watakaojibu kwa Waraka wa Yakobo, unaohesabu kuwatazama yatima katika dhiki yao kuwa dini iliyo safi. Lakini Yakobo aliwataja yatima pamoja na wajane, na nyumbani kwa mjane ndiko mtoto huyo anakopaswa kutazamwa.

Daktari wa upasuaji, au mwalimu anayekuja kuwafundisha walimu wenzake, ana hesabu nyingine, na simjumuishi hapa. Ninaowasema ni wanaokuja kuwa na watoto. Kwao swali gumu kuliko yote huja baada ya safari, pale ofisa wa watoto anapomrejesha mtoto kwa bibi yake na mfadhili anapouliza kama picha na barua zitaendelea kumfikia. Ufadhili ukikoma siku mtoto anapotoka makaoni, meneja ana sababu ya kumchelewesha na bibi ana sababu ya kumrudisha. Baraza la wazee la kanisa linalotaka kutuma kikundi lingefaa kuandika, kabla ya tiketi kukatwa, kwamba karo itamfuata mtoto hadi kijijini, hata kama hakuna mgeni atakayewahi kufika huko.