Maji ya moto hayachomi nyumba, lakini kifundo?

Jumapili jioni, uwanja wa mtaa upande wa Ndosho, hapa Goma. Kuuita uwanja ni kuupa heshima tu: ni changarawe nyeusi ya lava, na ndani ya kumi na nane kuna jiwe ambalo kila mchezaji analijua na hakuna aliyewahi kuling'oa. Mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 17, aliruka kupiga kichwa akatua juu yake. Kifundo kikapinda kwa ndani. Motari, dereva wa pikipiki, akatupakia wote wawili, na tulipofika nyumbani mguu ulikuwa umevimba kama avoka.

Koko, bibi yetu, alikuwa tayari na sufuria juu ya mbabula, jiko la makaa. Maji, chumvi, kipande cha kitenge kikuukuu. "Tukande sasa hivi, damu isivilie." Kocha naye alikuwa kwenye simu anapiga kelele: "Barafu, papa! Musiweke moto!" Barafu itoke wapi? Umeme ulikuwa umekatika tangu saa sita, na friji yetu siku hiyo ilikuwa kabati kama makabati mengine.

Wengi wetu tumekulia kati ya sauti hizo mbili. Aliyesoma anaegemea kwa kocha, aliyelelewa na bibi anaegemea kwa bibi. Mimi naanza na Koko, kwa sababu huwa anahukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Joto linafanya kazi, na hilo si imani ya wazee tu. Ngozi ikipata moto, mishipa ya damu hupanuka, damu huongezeka mahali pale, msuli uliokaza hulegea, na ubongo hupokea habari za joto badala ya kupokea maumivu peke yake. Mwaka 2006 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walikusanya majaribio yaliyofanywa kuhusu maumivu ya mgongo wa chini. Walikuta kwamba kufunga kitu cha moto mgongoni kunapunguza maumivu kwa muda mfupi, ilhali ushahidi wa baridi ulikuwa kidogo mno kusema lolote. Watu wanaovuka mpaka kwenda kuloweka miguu kwenye chemchemi za maji ya moto za Nyamyumba, Rwanda, kando ya ziwa letu hili la Kivu, si wajinga. Mchezaji anayeamka Jumanne msuli wa nyuma ya paja umekauka kama kamba, akikandwa vizuri, anatembea.

Koko anakosea saa. Usiku ule wa kwanza mishipa midogo ndani ya kifundo imechanika, inavuja. Kuweka moto hapo ni kuongeza bomba wakati bidoni tayari inamwagika. Ndiyo maana madaktari wa michezo wanasema joto lisubiri siku mbili hadi tatu, pamoja na pombe, kukimbia na kusuguliwa. Kusuguliwa ndiko kunakonitisha zaidi. Paja lililopigwa goti likavimba, ukilichua kwa nguvu siku hizo za mwanzo, damu iliyovilia ndani inaweza kuota mfupa katikati ya msuli. Kijana anakaa nje miezi kwa sababu ya mkono uliokusudia kumsaidia.

Basi kocha ndiye mwenye haki? Nusu. Sheria yake ya barafu ina mwanzo unaojulikana: mwaka 1978 daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, aliandika kanuni ya kupumzisha, kuweka barafu, kubana na kuinua, na dunia nzima ya michezo ikaikariri. Mwaka 2014 Mirkin mwenyewe akarudi nyuma, akaandika kwamba barafu huenda inachelewesha kupona, kwa kuwa uvimbe ule tunaoufukuza ndio unaoleta mafundi wa mwili wanaokarabati jeraha. Mwaka 2019 Blaise Dubois na Jean-François Esculier, wataalamu wa viungo wa Kanada, wakatoa mwongozo mpya ambao katika hatua zake barafu haimo kabisa. Kubana kumo, kuinua kumo, na kurudi kwenye mwendo mapema kumo.

Kwa mtu wa Goma hii ni habari njema, na nashangaa haisemwi sana. Barafu inatuliza maumivu, hilo halina ubishi, na mwenye nayo aifunge kwenye kitambaa aitumie dakika kumi. Lakini nyumba isiyo na umeme haijakosa dawa. Bendeji na mto wa kuinulia mguu vinatosha kwa usiku wa kwanza.

Kuna jambo ambalo wote wawili, Koko na kocha, walilisahau katika kelele zao: je, mfupa ni mzima? Tangu 1992 kuna kipimo kilichotungwa Ottawa, Kanada, ambacho hakihitaji mashine. Mgonjwa ajaribu hatua nne. Akishindwa, au ukibonyeza mfupa wenyewe kwenye ukingo wa nyuma au ncha ya kifundo, upande wa ndani au wa nje, akaruka kwa maumivu, apelekwe akapigwe eksirei. Kijana wetu alichechemea hatua sita huku akitukana, na mfupa haukuuma ulipobonyezwa. Tukapumua. Wangapi wamekandwa wiki tatu juu ya mfupa uliovunjika?

Halafu moto wenyewe. Waswahili husema maji ya moto hayachomi nyumba, na kwa nyumba ni kweli. Goma iko juu, karibu mita 1,500, kwa hiyo maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Bado ni moto mno, kwa sababu nyuzi 60 zinaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde kama tano. Koko hupima kwa kiganja chake. Lakini kiganja hicho kimefunua vifuniko vya sufuria bila kitambaa kwa miaka hamsini! Tangu siku hiyo nimeomba apime kwa ndani ya kiwiko. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi asikandwe kabisa kwa maji ya moto, maana hatasikia akiungua. Na pomadi zile zenye mentoli au pilipili zinadanganya tu mishipa ya fahamu; ndani ya msuli hakuna kinachopata moto.

Hata kitambaa cha moto hakifiki mbali, sentimita moja hivi chini ya ngozi. Kifundo hakina nyama nyingi, kinafikiwa. Paja nene la beki wa kati halifikiwi.

Lakini kocha alipiga simu mara moja tu. Koko alikaa na mguu ule kila jioni kwa wiki mbili. Aliona uvimbe ukishuka, aliona rangi ikigeuka kutoka zambarau kuwa manjano, alijua siku ambayo kijana aliacha kuguna. Ufuatiliaji wa namna hiyo timu zetu za mtaa hazina. Kinachokosekana kwake ni kipande cha pili: baada ya dakika 15 au 20 za kukandwa, mguu ufanye kazi wakati umelegea. Ukikandwa kila siku bila mazoezi, unarudi uwanjani na kifundo kilekile kitakachoteguka tena kwenye jiwe lilelile.

Tulipatana hivi: usiku ule bendeji na mto, mbabula ikapikiwa maharage. Siku ya nne Koko akaleta beseni. Kijana akikandwa, anaandika alfabeti hewani kwa dole gumba la mguu, kisha anasimama kwa mguu mmoja ameshika mlango. Wiki ya kwanza aliishia herufi M. Sasa anamaliza zote na anarudia.

Koko bado anashikilia kwamba zile siku tatu tulizipoteza bure.