Makuli wa Usiku

Kwa wiki tatu nilijenga nyumba mpya, na wiki ya nne nikashughulika kuizeesha. Mke wangu jambo hilo halimwingii akilini hadi leo. "Watu wapaka rangi nyumba kuukuu zipate kuwa mpya," aniambia, "wewe ya kwako mpya waipaka masizi?"

Nyumba yenyewe ina urefu wa sentimita 18. Ni godauni la mawe la kando ya reli, kwa kipimo cha moja kwa 87. Ukilikuza mara hizo 87 unapata jengo la karibu mita 16, la kuwekea magunia ya kahawa ya Uganda yakisubiri meli Mombasa. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita 1, kwa hiyo kitreni changu kinapita kwenye reli ya milimita 12, juu ya mlango wa kabati nililovunja. (Kabati lilikuwa bovu. Karibu bovu.) Kazi yangu ni kutengeneza simu, basi kibano, brashi nyembamba na maumivu ya shingo ninavyo tayari.

Chanzo cha yote ni mjomba. Yeye alikuwa fayamani, yaani mchochea moto, kwenye vichwa vya treni vya Garratt, vile vya namba 59, na ukimpa kikombe cha chai atakusomea kama dua: vilikuwa 34, vilitoka Manchester kuanzia 1955, kimoja kina tani 252, na kila kimoja kilipewa jina la mlima. Mount Gelai kingali kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na mjomba akienda huko hurudi amekwajuka kama aliyetoka kuzuru kaburi. Tangu reli mpya ya SGR ianze 2017 na abiria kushukia Miritini, nje ya mji, akipita stesheni ya mjini hugeuza uso. Nikasema nitamjengea kipande cha reli yake, aje akione Ijumaa.

Mawe niliyatoa kwenye unga wa jipsamu, ule wa mafundi wa dari. Unaukoroga, unaumwaga juu ya kioo, na kabla haujakauka sawasawa unaupigapiga kwa mswaki mkuukuu upate vijishimo vya matumbawe. Mawe yetu ya pwani hayana uso laini kama ya Nairobi. Halafu sindano: jiwe, jiwe, jiwe. Ukuta mmoja ulimeza mawe zaidi ya elfu moja, na nikifumba macho nilikuwa naona mistari. Paa ni kopo la soda lililokunjwa kwa meno ya kitana likawa bati, kisha likapakwa maji ya siki niliyoloweka humo waya wa kusugulia sufuria kwa siku tatu. Kutu ikatoka tamu ya kutazama!

Lakini nilichojivunia hasa ni magunia. Punje ya mchele wa basmati, ukiikuza mara 87, inapita nusu mita. Nikapaka punje 40 rangi ya gunia, nikazipanga mlangoni.

Ikabaki kuzeesha. Jipsamu ni nyeupe pepepe, na godauni jeupe hivyo kando ya treni halijapata kuonekana. Dawa yake ni chai ya strungi, ipakwe mkono baada ya mkono mpaka ukuta uonekane umekula masika mengi. Alhamisi usiku mjomba alikuwa keshafika na kulala. Jikoni kulikuwa na chupa mbili za chai zinazofanana, moja ina sukari na nyingine haina, maana mjomba ana kisukari. Ya mjomba hufungwa mpira mwekundu shingoni. Umeme ulikuwa umekatika. Nikapapasa, sikukuta mpira popote, nikabeba mojawapo. Ule mpira, nilikuja kujua baadaye, binti yangu alikuwa ameufungia nywele za mwanasesere.

Kwa hiyo mwenye kisukari alinusurika, sukari ikaenda kwa godauni.

Dalili zilikuwepo. Baada ya mkono wa tatu ukuta uling'aa kama halua. Nikajiambia ni ubichi tu. Magunia nayo nikayapitishia brashi ile ile, yapate uchakavu wa safari. Nikanyunyiza masizi ya jiko juu ya paa na chini ya kuta, yakanata ajabu, nami nikalala nikijiona fundi.

Asubuhi nikaamshwa na binti yangu: "Baba! Magunia yatembea!"

Sisimizi walikuwa wametoka dirishani, wakashuka ukutani, wakapanda mguu wa meza, na walipofika kwenye ubao wakafuata reli. Wallahi, walifuata reli! Waliingia mlango wa godauni mikono mitupu, wakatoka mlango huo huo watano watano na gunia. Mjomba alikuwa keshaketi kwenye kigoda, kikoi kiunoni, miwani puani.

"Miaka yangu yote kazini," akasema bila kugeuka, "sijaona mzigo ukitoka bila kelele na bila mnyapara."

"Mjomba, samahani, nitawa..."

"Na hayo masizi umeyaweka chini. Moshi wapanda, mwanangu. Weka juu, chini ya paa, upande wa reli. Tena hayo ni ya makaa, makavu. Sisi tulichoma mafuta mazito. Masizi yetu ukiyagusa, shati hilo si lako tena."

Hapo mke wangu akaingia na chupa ya mafuta ya taa. Hakuuliza. Alimimina kutoka ncha moja ya paa hadi nyingine, kama anayemwagilia mchicha. Sisimizi wakatawanyika, wenye magunia wakakimbia nayo. Mafuta yakayasomba masizi ya paa, yakateremka nayo ukutani kwa michirizi mieusi, na jipsamu ikainywa yote.

Wiki nne zangu. Nikashika kitambaa nipanguse.

"Usiguse!" Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kikoi, akaivaa tena. Akainama mpaka pua ikakaribia bati. Alikaa hivyo muda mrefu, na kwa mara ya kwanza hakutaja tani wala mlima wowote.

"Hili nalijua," akasema. "Hata harufu yake."

Taa ndogo niliyokusudia kuitia ndani nimeiacha, kwa amri ya mke wangu, na nadhani hapo ana haki. Magunia yaliyopatikana ni 11. Jikoni sasa kuna chupa tatu, zimeandikwa kwa rangi ya kucha: WATU, MJOMBA, GODAUNI.