Sailidi wa michungwa: tukague mipakani au shamba zima?

Tangu sailidi wa Asia (Diaphorina citri), mdudu wa milimita 3 hadi 4, aonekane Florida mwaka 1998, na huanglongbing, ugonjwa wa bakteria wa michungwa anaoueneza, uthibitishwe huko mwaka 2005, imebainika kwamba hatawanyiki shambani kwa usawa. Wadudu wapevu huingia wakiruka kutoka mashamba jirani na kutua zaidi kwenye mistari ya mpakani, hasa kando ya barabara na mifereji, na majike hutaga kwenye machipukizi machanga tu. Hivyo miti michache hujaa wadudu ilhali mingi haina hata mmoja.

Kwa sababu hiyo wapo wanaotaka ukaguzi uanzie mipakani. Mkaguzi hupiga tawi mara 3 kwa kipande cha bomba, akahesabu wanaoangukia karatasi nyeupe chini yake; akifuata mistari ya nje humwahi mdudu, na dawa ikiishia huko wadudu rafiki wa katikati hupona. Kuwahi huko kuna thamani kubwa, maana dalili za ugonjwa huweza kuchelewa miezi mingi, hata miaka, baada ya mti kuambukizwa.

Wanaopinga wanasema, na kwa haki, kwamba wastani wa mpakani si wastani wa shamba, na atakayeutumia kuamua kunyunyizia shamba zima atamwaga dawa bure. Lakini kukagua shamba zima nako kuna gharama yake. Kwa kanuni ya mtaalamu wa wadudu Taylor ya mwaka 1961, ambamo hesabu za wadudu wanaorundikana huyumba kwa kasi kuliko wastani wao unavyopanda, tukichukua kwa mfano tu kwamba varianzi (kipimo cha kuyumba huko) ni a mara wastani wenye kipeo b, a = 2 na b = 1.4, na kukubali kosa sanifu (kipimo cha wastani unavyoweza kukosea) la asilimia 25 ya wastani, wastani wa mdudu 1 kwa sampuli, yaani kwa tawi moja lililopigwa, hudai sampuli 32. Wastani ukishuka hadi 0.1, hudai takriban 127. Sijui mkulima atakayekuwa na subira hiyo kila baada ya majuma mawili.

Naona pande zote mbili zinafikiria shamba kubwa. Michungwa ikipandwa mita 7 kwa 7, shamba la mraba la ekari 40 lina miti ipatayo 3,249, na mstari wa nje ni asilimia 7 tu; la ekari 1 lina miti 81, na 32 kati yake, yaani asilimia 40, iko mpakani. Kwa mkulima mdogo wa Muheza, mkoani Tanga, mwenye michungwa iliyochanganyika na mihogo na minazi, mpaka karibu ndio shamba lenyewe, na sailidi huyu tayari amethibitishwa kuwapo Tanzania na Kenya. Kwake ni afadhali kuchagua miti kwa machipukizi, si kwa mstari, na kuhesabu mashamba yanayopakana kama shamba moja. Mpango huo unadai majirani wakague katika juma moja na kwa njia ile ile, na shamba lililotelekezwa katikati yao lisiachwe nje ya hesabu.