Singletoni: kuitengeneza sawa, shida ni kuiita kutoka kila kona

Kila anayejifunza programu za objekti akifika kwenye zile patani 23 (njia zilizozoeleka za kupanga kodi) za kitabu cha Design Patterns cha Erich Gamma na wenzake cha mwaka 1994, singletoni ndo anaishika mwanzo, na naelewa kwa nini, maana ni fupi: konstrukta (ile inayounda objekti) unaifanya private, yaani isiitwe kutoka nje ya klasi, unaweka metodi moja ya static ya kutoa objekti, basi, klasi nzima ina objekti moja tu. Mi nimeitumia sana na siipingi. Ninachopinga ni vile tunavyoiita ovyo ovyo popote kwenye kodi.

Ila hata kuitengeneza kwenyewe watu wanakosea. Tuseme klasi ni Mipangilio, inayoshika mipangilio ya programu kama lugha, na nakala ni kigeu kinachoshika objekti yake. Kodi tuliyoizoea ni hii:

if (nakala == null) {
    nakala = new Mipangilio();
}
return nakala;

Uangalie taratibu ule mstari wa kwanza. Thredi (njia za programu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja) moja inauliza, inakuta null, yaani hakuna kitu, kabla haijamaliza kuunda objekti thredi ya pili nayo inauliza inakuta null vilevile, zote zinaingia ndani na hapo tayari una objekti mbili. Kwenye kompyuta yako unaweza usiione kabisa, inakuja kutokea seva ikielemewa. Ukiweka synchronized (kufuli linaloruhusu thredi moja tu kwa wakati) kwenye metodi nzima inatibu, ila kila anayeomba anapanga foleni hata kama objekti ilishaundwa zamani, ndo maana watu wakaanza kukagua mara mbili, nje ya kufuli na ndani yake, na kwenye Java mbinu hiyo ilikuwa na tundu hadi Java 5 ya mwaka 2004 iliporekebisha maana ya volatile, neno la kuhakikisha thredi moja inaona kilichoandikwa na nyingine. Na ukiisahau hiyo volatile leo tundu bado lipo, thredi nyingine inaweza kuiona objekti ambayo vitu vyake vya ndani havijajazwa. Mi kwenye Java naandika enum (aina yenye thamani zilizoorodheshwa tangu mwanzo) yenye thamani moja na roho yangu inatulia. C++ tangu C++11, kigeu cha static ndani ya funksheni kinaundwa mara moja tu hata thredi zigombanie vipi, na Python moduli yenyewe ukiiita mara kumi unapewa ileile.

Sasa kinachoniuma hasa. Nilikuwa na testi mbili, moja inabadilisha lugha kwenye Mipangilio iwe Kifaransa, nyingine inakagua tarehe inavyoandikwa. Ukiziendesha mojamoja zinapita, ukiziendesha pamoja ile ya tarehe inaanguka, ukigeuza mfuatano zinapita tena! Siku mbili natafuta kosa kwenye klasi ya tarehe na konstrukta yake haikuwa na parameta hata moja, yaani ukiisoma unaamini haitegemei chochote, kumbe katikati ya metodi mojawapo imejificha Mipangilio.pata(), ile metodi ya static ya kutoa objekti, na lugha iliyoachwa na testi ya kwanza bado imo humo humo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: objekti iwe moja sawa, lakini iundwe pale programu inapoanzia, kisha kila klasi inayoihitaji ipewe kupitia konstrukta. Watu wananiambia parameta zitakuwa nyingi. Ndio, na ni vizuri uzione, maana klasi inayodai vitu tisa ilikuwa inavihitaji vyote tisa tangu zamani, ilikuwa haisemi tu. Hata Gamma mwenyewe kwenye mahojiano ya 2009 alisema angependelea singletoni iondolewe kwenye orodha yao. Mi sifiki huko, kwa logi (rekodi ya yanayotokea kwenye programu) bado naiona inafaa, kwa sababu logi unaiandikia tu, hakuna klasi inayoisoma ndo iamue ifanye nini.

Na ile Mipangilio sikuifumua kwa siku moja. Kila nikigusa klasi naiongezea parameta kwenye konstrukta na kufuta pata() ya ndani, na ile testi ya tarehe sasa inajitengenezea Mipangilio yake yenyewe, ya Kiswahili, inaitumia na kuitupa.